Mpira wa Paa la Gari ya Bi Zuwena

Mmeniomba, nyinyi mliobaki karakana, niandike niliyojifunza kazini kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja: siandiki vyeo wala mishahara. Mambo hayo yana majalada yake, na majalada yana watu wake. Nitaandika juu ya mpira wa paa. Najua wengi wenu hamjapata kuuona mpira wa paa la kuvua, na huenda mkastaafu bila ya kuuona. Hata hivyo, aliyeweza kuziba paa lile hatoshindwa na mlango wa lori. Sisi tuliliziba mara tatu, mbili kati ya hizo vibaya.

Niliingia kazini mwishoni mwa mwaka 1964. Karakana ilikuwa nje kidogo ya Mji Mkongwe, upande wa njia ya Bububu: banda refu la mabati, shimo moja la kukagulia gari kwa chini, na kabati la vifaa ambalo ufunguo wake ulipotea kabla sijazaliwa. Siku ya kwanza nilifika na spana mbili, bisibisi moja na daftari. Sikusomea ufundi popote. Nilijifundisha mwenyewe, kwa kukichora kitu kabla hakijatoka mahala pake, kukifungua, kisha kukirudisha kwa kuufuata mchoro kinyumenyume. Fundi wa bodi, Mzee Simai, alilifunua daftari langu kwa kidole kimoja.

"Wewe fundi au karani?"

"Fundi, mzee."

"Haya. Basi daftari liweke mbali na grisi. Na mimi usinichore."

Mzee Simai ndiye aliyenilea kazini. Kabla ya kuingia katika magari alikuwa kalafati, yaani fundi wa kuziba mianya ya vyombo vya baharini kwa pamba na mafuta, na hakuwahi kuona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Chombo, alisema, maji yanataka kuingia kwa chini. Gari, yanataka kuingia kwa juu. Ukiipindua gari kichwani mwako, kazi ni ile ile. Nilitumia miezi mingi kuzipindua gari kichwani mwangu, na nakiri kwamba husaidia.

Sasa gari yenyewe. Baada ya Mapinduzi zilibaki gari kadhaa zisizokuwa na wenyewe, zikagawiwa idara mbalimbali kwa kazi za umma. Malori yalikwenda kwanza, kisha gari za mizigo midogo, kisha gari za heshima. Orodha ilipowafikia wakunga wa mashamba ilikuwa imebaki moja tu, nayo ilikuwa gari ya mashindano, ya Kiingereza, nyekundu, ya viti viwili, yenye paa la bati linalovuliwa kama kifuniko cha sufuria. Gari ile ilitengenezwa kwa ajili ya kijana mmoja mwembamba na mchumba wake mwembamba zaidi. Alipewa Bi Zuwena, ambaye hakuwa hata mmoja wao.

Bi Zuwena alikuwa mkunga wa upande wa kaskazini, kuanzia Bububu mpaka Matemwe. Alikuwa mwanamke mnene, mrefu, mwenye leseni ya udereva na sauti iliyozoea kushindana na mvua juu ya bati. Aliingia garini kwa hatua tatu ambazo nimezichora: kwanza mkoba, pili yeye, tatu buibui. Hakuweza kumchukua mama mwenye uchungu, kwa sababu kiti cha pili kilimlazimisha mtu kukaa wima na miguu mbele, na wenye uchungu hawapendi kukaa hivyo. Lakini yeye mwenyewe alifika, na alifika mapema. Mwaka wa kabla ya gari alikuwa akipanda basi mpaka linapoishia na kumalizia kwa miguu, na mara mbili alimkuta mtoto keshazaliwa na mama keshamwaga damu kupita kiasi. Alitusimulia hilo mara moja tu, akiwa amesimama.

Masika ya kwanza alikuja karakana na mwavuli. Mwavuli ulikuwa umefunguliwa ndani ya gari.

"Shikamoo, Mzee Simai."

"Marahaba, Bi Zuwena. Mbona mwavuli ndani?"

"Nje wa nini? Nje mvua ishakwisha. Ndani ndiyo bado inanyesha."

Nilipanda kutazama. Paa lile lilishikwa na vibano viwili kwa mbele, juu ya kioo, na boliti mbili kwa nyuma ya viti. Vyote hivyo vilifungwa na kufunguliwa kwa ndani. Kati ya paa na bodi palikuwa na mpira wenye uwazi katikati, kama mrija, ambao kazi yake ni kubanwa ukalala na kuachiwa ukainuka. Mpira huu ulikuwa umelala na hauinuki. Jua lilikuwa limeukausha, umepasukapasuka kama kisigino, na kwenye kona za mbele haukuwapo kabisa. Mpira mpya ulitoka Ulaya, na Ulaya haikuwa ikituletea hata plagi.

Tungeweza kuichukulia kazi hii polepole, lakini palikuwa na Bwana Shaali. Huyu alikuwa msimamizi wa magari, mtu nadhifu, mwenye kofia ya kiua ya kushonwa kwa mkono na miwani ya jua, na gari ile aliipenda. Kila alipokuja kukagua malori aliishia ndani yake, mikono kwenye usukani, akitazama mbele kama yuko njiani. Aliposikia habari ya mwavuli aliandika barua kwamba gari inayovuja huharibu dawa. Kwa hiyo ingerudishwa ofisini kwake, na mkunga angepewa baiskeli. Bi Zuwena alimfuata, na wakakubaliana mbele yetu: Alhamisi ya wiki ya tatu Bwana Shaali angekaa ndani ya gari, ndoo kumi za maji zingemwagwa juu ya paa, na likiingia tone moja, gari yake.

"Ya ofisi," alisahihisha.

"Ya ofisi," alisema Bi Zuwena. "Na mimi ntapanda baiskeli mpaka Matemwe, na watoto wa huko ntawapelekea salamu wangojee."

Mara ya kwanza alifanya Mzee Simai, kwa njia anayoijua. Alisokota pamba, akaitia katika sifa, ambayo ni mafuta ya papa yanayopakwa vyombo, akaishindilia kwenye mianya yote kwa patasi butu. Nilimimina ndoo mbili juu yake na haukupita hata unyevu. Mzee Simai aliifuta patasi yake mara mbili, jambo ambalo kwake lilikuwa majisifu. Bi Zuwena aliichukua gari asubuhi, akapita sokoni Darajani kununua ndimu, akarudi kwetu kabla ya saa nne akipiga honi tangu mbali.

Nilihesabu paka kumi na saba. Sita walikuwa juu ya paa, wawili juu ya boneti, na waliobaki walikuwa wakifuata kwa miguu. Mmoja, wa rangi ya majivu, alikuwa keshang'oa pamba ya upande mzima wa kushoto na alikuwa akiitafuna taratibu, macho ameyafumba.

"Mzee Simai," alisema Bi Zuwena, bila ya kushuka, "mimi nazalisha watu."

"Naam."

"Basi nitolee hawa."

Fundisho la kwanza, liandikeni: kizibo kisiwe chakula.

Mara ya pili nilifanya mimi. Nilikwangua mafuta yote, nikasafisha mfereji wa mpira kwa mafuta ya taa na msasa mpaka bati likang'ara, nikakata tyubu za baiskeli kwa vipande virefu, nikavibandika viwili viwili. Hapa nataka msome polepole. Mpira unapoubandika usiuvute. Mkono unapenda kuuvuta, kwa sababu mpira uliovutwa hukaa sawa na hupendeza. Lakini mpira una kumbukumbu kuliko sisi. Wiki haipiti unarudi ulikotoka na kuacha nafasi kwenye kona. Ukate mrefu kidogo, uusukume ndani, na kwenye kona ukate mshazari.

Kisha nilitaka kujua unagusa wapi na haugusi wapi. Njia yake ni kuupaka mpira unga wa rangi, kulifunga paa, kulivua tena, na kutazama rangi imehamia wapi kwenye bodi. Pasipo na rangi ndipo maji yatakapopita. Kazi hii hufanywa kwa chaki. Chaki haikuwapo, shule zenyewe zilikuwa zikiitafuta, kwa hiyo nilinunua manjano, yaani binzari, Darajani, ya kusaga, laini sana. Yalifanya kazi vizuri kuliko chaki. Ramani niliyoipata ilikuwa wazi hata nikaona niichore mara moja kabla ya kufuta chochote, nikaenda kutafuta penseli yenye ncha.

Nilikuwa bado naichonga penseli nilipoisikia gari ikiwaka. Mtu alikuwa amekuja mbio kusema kuna mama wa Matemwe chupa ya uzazi imeshapasuka, na Bi Zuwena hakuwa mtu wa kungojea mchoro. Alilirudisha paa pamoja na yule aliyekuja, akafunga vibano akaondoka. Mvua ilimkuta Mahonda, na maji yakapita kwenye kona yakiyabeba manjano yangu.

Yaliyofuata aliyasimulia yeye mwenyewe kesho yake, akiwa amesimama katikati ya karakana, njano tangu paji la uso mpaka viganjani, na mistari miwili iliyokolea zaidi mashavuni. Nyinyi mnajua, na asiyejua aulize nyumbani, kwamba mwanamke wa huku anayetokea amepakwa manjano uso na mikono amesingwa, na anayesingwa anakwenda kuolewa. Bi Zuwena alikuwa mjane wa miaka tisa. Alishuka Matemwe mbele ya uwanja wenye wanawake thelathini.

"Vigelegele," alisema. "Nnamshika mama wa watu mkono, uchungu umemkaba, naye ananiuliza mimi: Bi Zuwena, bwana harusi nani? Nnamwambia sukuma. Anasema, sisukumi mpaka uniambie."

"Ukamwambia nini?" aliuliza Mzee Simai.

"Nshamwambia ni wewe. Ilibidi nitaje mtu."

Mzee Simai alikaa juu ya ringi ya lori. Mtoto alikuwa amezaliwa salama, wa kike, kilo tatu na kitu. Lakini ndizi mbivu na salamu za pongezi kwa Mzee Simai ziliendelea kuletwa na watu wa Matemwe kwa muda mrefu, na mkewe alikuwa mtu asiyependa ndizi. Mimi niliomba radhi kwa maandishi. Bi Zuwena aliisoma karatasi yangu mara mbili, akaikunja, akasema mwandiko mzuri.

Hata hivyo ramani ilikuwa imebaki kichwani mwangu, nikaichora daftarini, nami niliisoma kwa siku mbili. Ilisema hivi: tyubu ya baiskeli ni bapa, na ukingo wa bodi si bapa. Kwenye kona palibaki nafasi ya unene wa kidole cha mtoto. Bila ya mrija wenye uwazi ndani, unaoweza kujinyosha na kujibana wenyewe, tungekuwa tunabandika viraka mpaka tustaafu. Nilimweleza Bi Zuwena kwa mchoro.

"Mrija wa mpira," alisema. "Laini, unabinyika, unarudi. Unene wa kidole."

"Ndiyo."

"Urefu?"

"Futi kumi na nane, kwa uangalifu."

Alisema ngoja, akachukua mkoba wake. Alirudi saa nane na furushi la gazeti. Ndani yake kulikuwa na mipira myekundu sita, iliyokwishatolewa katika matumizi kwa uzee na kuchemshwa vizuri, ambayo kazi yake hospitalini ilikuwa kuosha matumbo. Sitaki kueleza zaidi ya hapo. Waliowahi kuoshwa tumbo wanaijua, na wengine wasiwe na haraka. Mzee Simai aliunusa mmoja, akauvuta, akaubana kwa meno ya koleo na kuuachia. Uliinuka.

"Huu," alisema, "umezaliwa uwe paa la gari. Ulipotea njia tu."

Tulianza Jumatatu. Mipira ya mbele na ya nyuma ilikaa siku hiyo hiyo. Ya juu ya milango, ambayo ndiyo migumu, niliibandika Jumatano asubuhi, kwa gundi nyeusi nzito ya Mzee Simai, ambayo hutaka siku nzima kukauka. Nililifunga paa kwa vibano vya mbele peke yake, boliti za nyuma nikaziacha, milango nikaitia kabari ikae wazi, nikaandika kwenye kipande cha boksi: USIFUNGE MLANGO. Alhamisi asubuhi ingekuwa tayari.

Bwana Shaali alikuja Jumatano saa sita. Nadhani alitaka kutukuta hatujajiandaa. Bi Zuwena alikuwapo, amekuja kutazama gundi.

"Nafanya jaribio leo," alisema Bwana Shaali.

"Bwana, gundi haijakauka," nilimwambia. "Kesho."

"Kesho, kesho. Kama haivuji, haivuji leo."

"Itanasa."

"Wewe leta ndoo."

Alizitoa kabari, akakivuka kipande changu cha boksi, akaingia, akaifunga milango yote miwili kwa kishindo, akavaa miwani yake ya jua. Tulimtazama Bi Zuwena. Alipandisha mabega. Tukamwaga ndoo kumi, moja baada ya moja, kwa mpangilio: mbili mbele, mbili nyuma, tatu kila upande. Ndani ya gari Bwana Shaali alionekana akitazama juu, kushoto, kulia. Kisha akatazama mlango. Akausukuma.

Haukufunguka. Gundi ilikuwa imekishika kioo cha mlango kwenye mpira kama ulimi kwenye barafu. Akajaribu wa pili. Akajaribu kuteremsha vioo, mpini mmoja ukamkatikia mkononi. Midomo yake ilikuwa ikisema mambo mengi lakini kwetu ilifika sauti ndogo tu, kama ya mbu ndani ya chupa. Mpira ulikuwa umekaa vizuri sana.

Ilikuwa saa sita na nusu, gari iko juani, bati tupu. Vioo vilianza kufuka kwa ndani. Nilitaka kuuvuta mlango kwa nguvu, Mzee Simai akanishika mkono: kioo kingempasukia usoni. Njia ilikuwa moja, kulitoa paa, na vibano vilikuwa ndani pamoja naye. Nilimfanyia ishara ya kukizungusha kibano. Kwa bahati mbaya ishara hiyo inafanana na ya kumsonga kuku shingo. Bwana Shaali alirudi nyuma kwenye kiti na kuanza kupiga dirisha kwa viganja.

"Tokeni," alisema Bi Zuwena. "Nyote, rudini nyuma. Mnamtisha."

Aliuvua mkoba begani, akapiga magoti kwenye vumbi, akaweka kiganja juu ya kioo mbele ya uso wa Bwana Shaali. Akamwonesha kupumua: ndani polepole, nje polepole. Alirudia mpaka yule bwana akafuata. Kisha, kwa sauti ambayo ilipita mpira, kioo na bati bila shida yoyote, akasema:

"Kibano cha kulia. Zungusha. Vizuri, baba. Cha kushoto. Vizuri sana. Sasa usisukume. Usisukume! Bado! Pumzika." Akatugeukia. "Shikeni paa, mmoja huku, mmoja kule. Nikisema, mnainua." Akarudi kwenye kioo. "Haya, Bwana Shaali. Mikono juu. Vuta pumzi. Sukuma! Sukuma, baba, sukuma! Usiipoteze hiyo! Tena!"

Gundi ililia. Paa lilibanduka kwa mkupuo mmoja, na kwenye nafasi ikatokea kofia ya kiua, imepinda.

"Kichwa kimetangulia," alisema Bi Zuwena, kwa sauti yake ya kawaida ya kazi. "Mabega yatakuja yenyewe."

Yalikuja. Tulimweka juu ya mkeka, mwekundu, amerowa tangu kola mpaka soksi. Akili zilipomrudi jambo la kwanza alilofanya ni kuushika ukosi wa shati lake na kuukamua mbele yetu.

"Mnaona? Nimerowa! Nimerowa chepechepe! Hayo ni matone mangapi? Gari inakwenda ofisini."

Nilikagua viti kwa gazeti kavu, nikakagua zulia, nikakagua paa kwa upande wa ndani, sentimita kwa sentimita. Gazeti lilitoka kavu kila mahala isipokuwa pale alipokalia. Nikasema hivyo. Akasema mimi ni fundi wa gari ile na ushahidi wangu haufai, na kwa hilo alikuwa sahihi.

Bi Zuwena alimshika kifundo cha mkono, akahesabu mapigo ya damu huku akitazama saa yake. Akamfuta paji la uso kwa kitambaa cheupe, akakikunja, akakigusa shavuni mwake mwenyewe.

"La ndoo lingekuwa baridi," alisema. "Hili la moto, na lina chumvi. Hili ni jasho, Bwana Shaali. Mimi nnaliona kila siku, na nina cheti chake. Kama unabisha, twende hospitali ukapimwe, nami ntamweleza daktari limekutoka vipi."

Bwana Shaali alimtazama. Akautazama umati, maana kwa wakati ule madereva wote wa malori walikuwa wameshakusanyika. Akaomba karatasi. Nilimkatia moja katika daftari langu, jambo ambalo sijalifanya kabla wala baada, na akaandika kwamba gari imekaguliwa kwa ndoo kumi, haivuji, iendelee na kazi ya ukunga. Akatia sahihi. Kisha akaomba maji ya kunywa, na akanywa kata tatu.

Joto lilikuwa bado halijamtoka, kwa hiyo Bi Zuwena alijitolea kumrudisha mjini. Paa nililiweka juu ya matofali likauke. Niliwaambia wangoje kidogo, nifungue turubai la lori moja niwafunike, kwani upande wa Bububu wingu lilikuwa limeshaiva. Bwana Shaali alisema hapana, ahsante, ahsante sana, hapana. Waliondoka gari ikiwa wazi. Manyunyu yaliwakuta kabla hawajafika kona, yakageuka mvua, na nilimwona kwa mbali amekaa wima kwenye kiti cha mkoba, uso ameuelekeza juu, akiipokea yote.